Nahudumia wanaolala nje hapa Seattle: nianzie wapi kuelewa kilichowafikisha hapo?

Mwanambeya:
Habari za jioni wanajukwaa. Nimeajiriwa kliniki ya afya ya akili na uraibu hapa Seattle. Wengi ninaowafuatilia wanalala kwenye mahema au ndani ya magari. Kuna mzee mmoja mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, anatumia pia meth, dawa ya kulevya inayochangamsha. Miadi inampita, na kwetu ukikosa mara tatu faili linafungwa. Wenzangu wanasema aache kwanza hayo madawa, atulie, ndipo atafutiwe nyumba. Moyo wangu unakataa, ila hoja sina. Mafunzo niliyopewa yalikuwa ya dalili za magonjwa tu. Nyumbani ningeuliza kwanza ndugu zake wako wapi, lakini hapa swali hilo halinifikishi mbali. Mlio kwenye kazi hii, nisaidieni.

Kaka_Tacoma:
Pole na kazi mdogo wangu. Mimi naona wenzako wana hoja. Fentanili, ile dawa kali ya jamii ya afyuni, na meth ndizo zimejaza watu barabarani. Mpe mtu nyumba akiwa bado anatumia, mwezi haupiti ataipoteza.

MamaNeema:
Kaka, kama ni madawa tu, West Virginia ingejaa mahema. Jimbo lile limeongoza kwa vifo vya kuzidisha dawa miaka mingi, na bado wanaolala nje huko ni wachache ukilinganisha na Washington au California. Kodi za nyumba huko ziko chini.

Mwanambeya, hapo kuna maswali mawili na watu huyachanganya: kwa nini huyu, na kwa nini wengi hivi. Jioni kituoni, daladala zikiwa chache, wanaobaki ni wazee, wagonjwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Ukimchunguza kila mmoja utaona udhaifu wake, lakini wamebaki kwa sababu magari hayatoshi. Ndivyo ilivyo kwa nyumba. Skizofrenia, kutoka gerezani, kukulia malezi ya serikali, kumkimbia mume anayepiga: hayo yanaonyesha nani ataachwa. Idadi ya watakaoachwa inaamuliwa na kodi za nyumba.

Na hali hii ina historia. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya nusu milioni. Wakaanza kutolewa, na mwaka 1963 Rais Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na wananchi. Vingi havikujengwa. Kisha miji ikabomoa zile hoteli za vyumba vya bei ya chini walikokuwa wakijihifadhi. Siku hizi kuna wanaoishi kwa SSI pekee, yaani fedha za serikali kuu kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo; kiwango chake cha juu mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Piga hesabu na kodi ya Seattle. Vocha za serikali za kusaidia kulipa kodi ya nyumba nazo ni haba: katika kaya nne zinazostahili msaada wa kodi, takriban moja tu ndiyo hupata. Januari 2024, hesabu ya usiku mmoja ilikuta watu 771,480 hawana makazi nchi nzima.

Kuhusu mzee wako, muulize kwa upole meth inamsaidia nini. Wengine hutumia ili wakeshe, wasiibiwe wala kupigwa usiku. Kukesha huko huzidisha zile sauti. Na dawa inayomlaza fofofo ni hatari kwa mtu wa hemani, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu dawa isiyomlaza sana, pengine ile ya sindano ya mara moja kwa mwezi.

Mpango wa kumpa mtu nyumba kwanza, bila kumtaka aache madawa, ulianza New York mwaka 1992. Kanada wakaujaribu kwenye miji mitano, 2009 hadi 2013, na waliopewa walidumu ndani ya nyumba kuliko wenzao. Uraibu haukuisha kwa kupewa funguo, sitakudanganya. Lakini ni rahisi zaidi kumtibu mtu unayejua anapolala.

Kaka_Tacoma:
Hilo la West Virginia sikulijua, mama. Ila nimefanya kazi jengo la namna hiyo, usiku mhudumu mmoja kwa ghorofa zote. Huko ni kuwatelekeza ndani ya kuta.

MamaNeema:
Hapo nakuunga mkono kabisa. Bila wahudumu wa kutosha, mpango huo unabaki jina tu.

Binti_Kisauni:
Niko upande wa shelta, yale malazi ya muda ya wasio na nyumba, niongeze la karatasi. Usimuulize mtu "una makazi?" Wengi wataona aibu na kujibu ndiyo. Uliza "jana ulilala wapi, na juzi?" Andika tarehe. Nyumba nyingi za wenye ulemavu zinadai ushahidi wa miezi 12 bila makazi, na watu hudhani akilazwa hospitali hesabu inaanza upya. Sivyo. Akikaa hospitali au jela chini ya siku 90 na alitokea nje, siku hizo zinahesabiwa.

Mwanambeya:
Shikamoo MamaNeema, na asanteni wote. Binti, mzee alilazwa wiki tatu mwaka huu, na mwenzangu alishaandika kwamba hesabu imekatika. Nifanyeje?

Binti_Kisauni:
Omba barua ya hospitali yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, kisha mwombe msimamizi wako asahihishe rekodi. Fanya hivyo kabla ya miadi ya tatu. Faili likifungwa, kuingia tena kwenye foleni ni shida. Na miadi hiyo usimsubiri ofisini, mfuate hemani kwake.