Oveni inazima umeme wa nyumba nzima, fundi anataka kukata waya wa eathi. Naomba ushauri

BintiPongwe
Habari zenu wakuu. Nipo Chanika, nyumba ni yetu, umeme njia moja (single phase). Dada yangu kaniachia jiko la umeme la pleti nne na oveni chini yake. Lilikaa stoo Tanga karibu miaka miwili. Kibandiko cha nyuma kimeandikwa 9.2 kW.

Fundi wa kwanza alilifunga plagi ya kawaida, akachomeka kwenye soketi ya jikoni. Siku ya pili nimewasha pleti mbili na oveni, nikasikia harufu ya plastiki. Plagi imekuwa nyeusi, soketi imelainika. Fundi wa pili akavuta waya wake peke yake kutoka kwenye main switch, wa milimita 6, na breka ya ampia 32. Pleti zinawaka vizuri. Ila nikiwasha oveni, baada ya dakika moja RCD (ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) inaanguka, giza nyumba nzima. Anasema RCD ni nyepesi mno, dawa ni kutoa waya wa eathi kwenye jiko. Nina watoto wawili wadogo, nimemwambia asubiri kwanza. Nifanyeje?

Kibo_2
Mwache atoe dada. Langu halina eathi mwaka wa tatu huu na linapika.

FundiWaMtaa
Dada, nakuomba, asiuguse huo waya. Umefanya vizuri sana kumsimamisha.

RCD inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Vikipishana kwa miliampia 30 tu, inakata, maana kilichopungua kimepata njia nyingine. Kwako kinapita kwenye bodi ya jiko kwenda ardhini. Ukitoa eathi umeme hauachi kuvuja, unabaki kwenye bodi. Mtoto akija peku, sakafu imetoka kudekiwa, akashika mlango wa oveni, yeye ndiye anakuwa waya wa eathi. RCD huenda ikakata, lakini atakuwa ameshapigwa shoti. Na siku RCD ikiharibika hakuna kingine cha kumwokoa.

Sasa chanzo. Elementi ya oveni ni bomba la chuma, ndani kuna waya unaopata moto, na katikati yake umeshindiliwa unga mweupe wa kuzuia umeme usifike kwenye chuma. Unga ule unanyonya unyevu. Miaka miwili stoo, tena Tanga, sishangai hata kidogo. Mwambie fundi azime breka, afungue nyaya za kila elementi, apime moja moja kwa mega, kile kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenda kwenye chuma. Iliyopata unyevu hukaushwa kwa joto dogo saa kadhaa, ikapimwa tena. Isiyorudi, inabadilishwa.

Mzee_Mstaafu
Naongezea kuhusu ile plagi. 9200 gawanya kwa 230 unapata ampia 40. Soketi ya kawaida ni ampia 13, yaani kama kilowati 3 tu. Haikuwa soketi mbovu, ilibebeshwa mzigo usio wake.

Wengine watauliza mbona breka ni 32 na jiko ni 40. Pleti na oveni hujizima na kujiwasha zenyewe zikifikia joto, haziwaki zote muda wote. Hesabu ya mafundi kwa jiko la nyumbani ni ampia 10 za kwanza kamili, halafu asilimia 30 ya zinazobaki: 10 na 9, jumla 19. Kwa hiyo huyo fundi wako wa pili kwenye waya na breka hakukosea. Kakosea kwenye eathi, na hapo ndipo penye roho ya mtu.

Angalia pia kiboksi cha nyaya nyuma ya jiko. Majiko mengi ya Ulaya yanakubali njia moja au tatu, kutegemea vibati vya shaba vinavyounganisha teminali. Mchoro huwa umebandikwa hapo hapo. Na swichi ya jiko iko wapi?

BintiPongwe
Ipo ukutani juu ya pleti kabisa, mzee wangu.

Mzee_Mstaafu
Ihamishwe pembeni, mwanangu. Mafuta yakishika moto utapitishaje mkono juu ya sufuria kwenda kuzima?

BintiPongwe
Wakuu, nimerudi. Nimepata fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), kaja na mega. Elementi ya juu ilikuwa na unyevu, imekauka na kupona. Ya chini imekufa kabisa, tumenunua nyingine Kariakoo. Swichi imehamia pembeni, karibu na mlango. Jana oveni imewaka saa nzima, RCD haijaanguka. Mungu awabariki sana.

Kibo_2
Nimezima langu tangu nisome huu uzi. Fundi, nondo ya eathi naipigilia upande gani wa nyumba?

FundiWaMtaa
Usipigilie chochote kwanza, kaka. Nyumba ikiwa na eathi nzima pale main switch, kilichokosekana ni waya wa kijani na njano kutoka kwenye jiko tu. Aje mtu apime.