Imeili yangu imenifungia nje, eti mwizi ni mimi

Wandugu, leo nimekuja na hasira, mnisamehe mapema. Anwani yangu ya imeili ninayo tangu 2011. Diploma niliyoskani iko ndani, picha za matanga ya baba ziko ndani, kila mkataba wa ankete (utafiti wa kuhoji watu) niliyowahi kufanya Kivu hii uko ndani. Tangu Jumapili siingii. Mashine imeamua kwamba mimi si mimi.

Wenye kazi kama yangu mnajua mambo yanavyokwenda. Unapigiwa simu, unafurahi, halafu unaambiwa "tazama imeili". Mkataba ulifika Ijumaa saa tisa mchana: siku 14 za kuuliza watu maswali Kalehe na Idjwi, usaini, urudishe kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi. Nikakimbia Nyawera, hapa Bukavu, kwenye sekreteria moja, nikaprinti, nikasaini, kijana akaskani. Akaskani kwa rangi, kurasa 11, kama anayepiga picha za arusi. Faili ikatoka na megabaiti 20. Kikomo walichoandika ni 25, na bado imeili ikakataa: faili kubwa mno. Baadaye nimeelezwa kwamba imeili haibebi faili jinsi ilivyo. Huigeuza herufi kwanza, kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kwa hiyo 20 zako zinasafiri kama 27. Haya, basi si wangeandika kikomo ni 18 tukaelewana? Kabla kijana hajaskani upya kwa nyeusi na nyeupe, umeme ukaenda.

Jumamosi nilikuwa na safari ya Kamembe kumwona dada yangu aliyejifungua. Kwa wasioijua Bukavu: Kamembe ni Rwanda, ila ni kuvuka Ruzizi tu. Kuna mama zetu wanaovuka asubuhi na bidhaa kichwani na jioni wako nyumbani wanapika. Nikaazima kompyuta ya shemeji, nikaandika nenosiri langu, sahihi kabisa. Jibu: kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako kutoka nchi nyingine, tumemzuia. Nchi nyingine! Nchi ambayo nikitoka mlangoni kwangu naona mabati yake yaking'aa. Simu zetu zenyewe, ukikaa karibu na mto, zinajishikia mtandao wa ng'ambo bila kuombwa. Kwa hesabu yao mimi nahama Kongo mara tatu kwa siku.

Nithibitishe basi kwa kode, wameituma kwenye namba inayoishia na 47. Namba hiyo ilikwenda na simu niliyoibiwa sokoni Kadutu miaka mingi nyuma. Nani huku ana namba moja tangu ujana? Mtu ana laini tatu, moja ya mega, moja ya kupokea pesa, moja ya mkewe.

Jumapili baada ya misa nikarudi Nyawera, nikijua sasa niko kwetu, itanitambua. Hapo nikakutana na kibodi ya azerty, ile yenye mpangilio wa Kifaransa. Vidole vyangu vimezoea simu, na simu yangu ni ya qwerty, mpangilio wa Kiingereza. Unabonyeza unapopajua kuwa pa "a", inaingia "q". Tarakimu nazo hazitoki mpaka ushikilie kitufe kingine, bila hivyo unapata mabano na alama za vokali za Kifaransa. Wewe huoni chochote, unaona vidoti tu. Mara tatu. Ya nne: akaunti imefungwa kwa usalama wako. Na simu mfukoni, iliyokuwa imefunguka tangu mwaka juzi, nayo ikatolewa nje dakika ileile.

Kuna anwani ya akiba, wanasema. Ndiyo, niliiweka. Nikaijaribu, nayo nenosiri lake nimelisahau, na ili inifungulie inatuma kode wapi? Kwenye hii iliyofungwa. Ufunguo wa nyumba uko ndani ya sanduku, ufunguo wa sanduku uko ndani ya nyumba, na mimi niko uani nanyeshewa.

Usiku nikafanya jambo la kijinga, nikaipigia namba ya zamani. Ikaita! Akapokea mama mmoja. Nikamwambia, samahani mama, kuna kode imeingia kwenye simu yako, nisomee tu tarakimu. Nilipojisikia ninavyosema nikajua nimekwisha. "Weye mwizi, nenda ukaibe kwingine!" Akakata. Nikapiga tena, na tena.

Ikabaki fomu. Uliifungua akaunti mwezi gani, mwaka gani? Niliifungua kwenye sibakafe, kijana wa pale ndiye aliyenijazia kila kitu, hata tarehe yangu ya kuzaliwa sina hakika aliweka ipi. Nikabahatisha. Baada ya saa 24 likaja jibu: hatukuweza kuthibitisha kwamba akaunti hii ni yako. Hakuna namba ya kupiga, hakuna ofisi, hakuna hata karani wa kumtukana.

Jumatatu saa mbili nilikuwa nimeshampigia msimamizi wa ankete. Alinielewa, lakini faili zinakwenda kwa imeili, ndiyo kanuni yao, na saa nne ilipopita wakamchukua wa pili kwenye orodha. Sasa hivi yuko kwenye boti ya Idjwi na dodoso langu.

Nauliza: kuna yeyote humu aliyewahi kuikomboa akaunti ya namna hii akazungumza na binadamu? Msiniambie nifungue mpya. Baba yumo kwenye ile.

Na kama yule mama wa 47 anasoma hapa: mama, nisamehe kwa simu nne za Jumapili usiku. Ulifanya vizuri kukata.