Mama ananiuliza kwa nini, nami sina jibu: naombeni ushauri

Msomaji wa Mbagala
Wanajamvi, salaam. Mdogo wangu alifariki kwa ugonjwa wa figo akiwa na miaka 19. Tangu tulipoanua matanga nimekuwa nikisoma falsafa na dini, vitabu vya mitumba ninavyovinunua Posta vikiwa vimetandazwa chini kando ya njia. Sasa naweza kueleza jinsi mwanafalsafa Mjerumani Leibniz, mwaka 1710, alivyotetea kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko wowote ambao Mungu angeweza kuuumba, na jinsi tetemeko la ardhi la Lisbon, Ureno, la Novemba 1, 1755, lililoua maelfu ya watu, lilivyowafanya wengi waitilie shaka hoja hiyo. Juzi mama, akizipanga ndala za marehemu mlangoni kama afanyavyo kila jioni, aliniuliza, "Wewe unayekesha na vitabu, vinasemaje? Kwa nini yeye?" Nikaanza kumweleza habari ya hiari ya binadamu, ile hoja kwamba mabaya yapo kwa sababu Mungu alituachia uhuru wa kuchagua. Alinitazama, akaingia ndani. Hajaniuliza tena. Je, niache kusoma? Na mama nimwambie nini?

Mwalimu mstaafu, Temeke
Pole sana, mwanangu. Usiache kusoma, ila badilisha vitabu. Mwaka 1940 C. S. Lewis, mwandishi Mkristo, alichapisha kitabu kuhusu tatizo la maumivu, chenye hoja zilizopangika vizuri. Mkewe alipofariki kwa saratani mwaka 1960, aliandika kingine, kikatoka mwaka uliofuata kwa jina la kubuni, na humo analalamika kwamba alipomhitaji Mungu kuliko wakati wowote, aliufikia mlango akaukuta umefungwa. Nilipomzika mume wangu, cha kwanza sikuweza hata kukifungua. Cha pili nilikisoma nikilia, nikapata usingizi. Mama yako hakukuomba hoja.

Mkazi wa Kariakoo
Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Kwetu Nabii Ayubu ndiye mfano wa subira, na dua yake katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 83, ni fupi mno: anasema tu kwamba dhara limempata na kwamba Mola ndiye mwenye kurehemu kuliko wote. Hadai kupewa sababu. Hata hivyo, mwalimu, hoja nazo tusizitupe, kwa maana wapo wanaopoteza imani kwa kukosa mtu wa kujibizana naye.

Mwalimu mstaafu, Temeke
Nakubali, ndugu yangu, ila kila jambo na wakati wake. Katika Biblia, rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, kama tunavyokaa mkekani msibani. Walikosea walipoanza kumweleza sababu.

Msomaji wa Mbagala
Nawashukuru nyote. Jioni hii nimekaa na mama barazani bila kitabu. Tulinyamaza hadi giza likaingia, ndipo akaniambia kwamba ndala ya kushoto iliwahi kukatika mkanda, marehemu akaufunga kwa waya ili asimsumbue kwa hela ya nyingine. Nimeishika. Waya bado upo.