Kampuni ndogo za matangazo, acheni kutufutia saa zetu

Wakuu, salaam. Leo naandika kwa hasira, mtanivumilia. Mimi ni mwandishi wa matangazo kwenye kampuni ndogo, zile ambazo mtu wa dizaini ndiye huyo huyo mpiga picha, ndiye anayejibu maoni ya wateja mitandaoni usiku, na printa ikikwama ndiye fundi. Wingi wa kazi sio unaonikera, niliujua kabla sijaingia. Kinachonitoa moshi ni jedwali la saa.

Kwa wasioijua hii biashara: kampuni ya matangazo inauza muda. Kila mfanyakazi anajaza kwenye jedwali alifanya kazi ya mteja gani, kwa saa ngapi. Hapo ndipo bosi anapojua kampeni imegharimu nini, na ndipo anapopata bei ya kazi ijayo. Kwenye makaratasi ni utaratibu wa maana kabisa. Sasa kwetu ukijaza saa 13, msimamizi wa wateja anakufuata mezani na sauti ya msibani: "Mpendwa, huyu tulimkadiria saa nane. Parekebishe basi tufunge mwezi." Unaparekebisha. Saa tano zimeyeyuka. Hazilipwi, hazifidiwi kwa mapumziko, na ukizitaja baadaye unaulizwa ziko wapi, mbona jedwali halizionyeshi?

Halafu anakuja mteja mwingine na kazi ya ukubwa ule ule. Bosi anafungua jedwali, anaona kazi ya namna hii huchukua saa nane, anatoa bei ya saa nane. Wewe uliyeifanya kwa saa 13 umekaa pale pale, unajua kinachokuja, na huna la kusema kwa sababu namba uliiandika kwa mkono wako. Ndiyo maana kila kazi kwetu huanza ikiwa imeshachelewa. Kisha Jumatatu bosi anasimama kikaoni kushangaa kwa nini tuna wateja wengi na faida hakuna, na anamalizia kwamba vijana hatujitumi. Unauza kwa hasara kwa sababu hutaki kuijua gharama yako, sisi tunahusikaje?

Huu ugonjwa una historia, tena ndefu. Kwa miaka mingi mawakala wa matangazo walikuwa wakiishi kwa kamisheni, na kiwango kilichozoeleka kilikuwa asilimia 15 ya fedha ambazo mteja alilipia nafasi magazetini na redioni, baadaye kwenye televisheni. Wazo, maneno na mchoro vilitolewa kama nyongeza tu, ilimradi mteja anunue nafasi. Mfumo ule ukafifia, yakaja malipo ya ada na ya saa. Ila mazoea ya kugawa ubunifu bure yalibaki, na kampuni ndogo, ambazo hazina hata hizo fedha za kununua nafasi, ndizo zinazoyaendeleza kwa bidii kuliko wote.

Angalia pichi. Mteja anaita kampuni kadhaa, anazitaka zote zije na mkakati, kaulimbiu na dizaini zilizokamilika, bila kulipa hata senti. Kampuni kubwa ina watu wa kuwatenga kwa ajili hiyo. Kwetu pichi inafanywa na wale wale wenye kazi za wateja wanaolipa, kwa hiyo inafanywa usiku. Mkishinda, bosi amemleta mteja. Mkishindwa, "ubunifu haukuwa na nguvu." Na kuna wateja ambao hawamchagui yeyote, miezi inapita, unakutana na wazo lako barabarani limefanywa na kijana wao wa ndani, tena kwa fonti mbaya.

Ngoja niwape mfano wa wiki hizi, maana mtadhani nakuza mambo. Saa za jioni, kwenye kundi la WhatsApp, bosi anasambaza ujumbe wa sauti wa mteja. Mrefu. Mteja yuko kwenye gari, honi zinapigwa, katikati anagombana na mtu mwingine, kisha anarudi: ile rangi ya bluu haina furaha, na mkewe ameona lile neno la pili haliko sawa. Neno la pili lipi? Lina vichwa vya habari vitatu lile bango! Bosi chini yake ameandika "Tuishughulikie hii kabla ya asubuhi" na kile kiemoji cha moto. Hakuna brifu, yaani maelezo ya kazi, iliyoandikwa, hakuna aliyehesabu haya ni marekebisho ya mara ya ngapi wakati mkataba una kikomo, hakuna aliyethubutu kumwambia mteja kwamba ya kuanzia hapa yanalipiwa. Yule dada wa dizaini alisikiliza ujumbe ule mara tatu akiwa amefunga macho, akabadilisha bluu kuwa bluu nyingine. Asubuhi mteja akajibu: "Rudisheni ile ya kwanza." Kwenye jedwali ile kazi ilisomeka saa moja.

Mishahara sitaki kukaa nayo sana. Wateja wakubwa hulipa ankara baada ya siku 60, wengine 90, na bosi akibanwa hatafuti mkopo wa kuziba pengo, anatukopa sisi. Tofauti ni kwamba benki ingemtoza riba.

Ukilalamika unajibiwa kwamba tasnia ndivyo ilivyo, nenda hata kwenye makampuni makubwa duniani. Sawa, twende. Desemba 2015 binti wa miaka 24 aliyekuwa mwaka wake wa kwanza kazini Dentsu, kampuni kubwa kabisa ya matangazo Japani, alijiua. Mamlaka za kazi zilikubali kwamba chanzo ni kazi kupita kiasi, baada ya kukuta saa za ziada zaidi ya 100 kwa mwezi. Na saa alizokuwa akijiandikia mwenyewe? Chini kidogo ya 70, kikomo kilichokuwa kimewekwa pale. Jedwali lilikuwa safi kabisa! Mwaka 2017 mahakama ya Tokyo ikaikuta kampuni na hatia ya kukiuka sheria ya kazi, ikaitoza faini ya yen 500,000, kiasi ambacho kwa kampuni ile si kitu. Kwa hiyo mtu akinitajia makampuni makubwa kama kielelezo, namuuliza anataka tuige kipande kipi.

Tena wale wakubwa angalau wana idara ya utumishi, vyama vya wafanyakazi huwafikia, na wakaguzi huwa na anwani yao. Sisi tuko wachache, anayepokea malalamiko ni mke wa bosi, ambaye pia ndiye mhasibu. Hata sheria nzuri hutupita juu. Ufaransa tangu 2017 ina haki ya mfanyakazi kutosumbuliwa na meseji za kazi nje ya saa zake, ila wajibu wa kukaa mezani na kujadiliana umewekwa kwa kampuni kuanzia wafanyakazi 50. Niambieni ni kampuni gani ndogo ya matangazo imewahi kufika watu 50, labda uhesabu na wale wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaokuja bila malipo, wanapewa kurasa za wateja waziendeshe peke yao, na kuondoka na cheti.

Kuna watakaosema acha kazi, kwani umefungwa kamba? Nitaacha, msiwe na shaka. Ila kiti changu atakaa mwingine, atakuta bei za saa nane zimeshasainiwa hadi mwisho wa mwaka, na atadhani yeye ndiye mzito.

Kwa sasa nimeanza kutunza nakala yangu mwenyewe: muda wa kila faili nililotuma, barua pepe za usiku, na zile meseji za "parekebishe". Tuko wawili tunaofanya hivyo, wa tatu anasitasita kwa sababu ana mkopo. Ninachohitaji kutoka kwenu ni uzoefu wa waliowahi kudai malipo ya saa za ziada wakati jedwali rasmi la kampuni linasema vingine. Meseji na muda wa faili vilikubalika kama ushahidi? Mlidai mkiwa bado kazini au baada ya kuondoka? Na kama mkataba una kile kipengele cha "atafanya kazi kwa muda wowote kadiri itakavyohitajika", kiliwazuia au kilikuwa cha kutishia tu? Mwenye majibu aandike hapa hapa, msinifuate inbox, maana tuko wengi tunaoyahitaji.