Anauza safari ya kisiwa kilichofunikwa na maji, halafu anatukana wateja!

Chuga_Halisi:
Wakuu, nina hasira hadi vidole vinateleza kwenye simu. Yule muuza safari wa bango la pomboo, mnamjua, hana haja ya kutajwa. Safari hii kavuka mpaka.

Anauza wikiendi ya mbalamwezi Pangani, pwani ya Tanga, mwezi wa 10 na wa 11. Basi linatoka Arusha saa 12 asubuhi, linazoa watu Moshi, Same, Korogwe, Segera, Muheza, saa 9 mchana liko Pangani. Watu hawajanyoosha hata miguu, anawasukumia kwenye boti waende kisiwa cha Maziwe. Jana boti imefika saa 10 jioni. Kisiwa hakuna. Maji matupu hadi India! Abiria mmoja kauliza kisiwa kiko wapi. Jibu lake: "Kipo chini hapo, ogeleeni juu yake, ni kilekile."

OGELEENI JUU YAKE. Kwa laki 2 na nusu!

Maziwe ni fungu la mchanga. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, miti ikaisha, mchanga ukaliwa, na sasa maji yakijaa sana kinafunikwa chote. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukweni Ushongo, la sivyo yanaoza. Kila nahodha wa Pangani anajua hilo. Na yeye anajua! Kachagua mwezi mpevu kwa sababu unapendeza kwenye bango, wakati mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na bamvua Pwani yetu maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni. Yaani katika saa 24 za siku kachagua ileile ambayo kisiwa hakipo.

Halafu "ni kilekile". Kilekile na nini?

Kiboriloni_Mjini:
Uzi bila picha. Tupia picha ya hicho kisiwa.

Chuga_Halisi:
Picha ya nini, mkuu, na kisiwa hakikuonekana?

Mdigo_wa_Soweto:
Ninyi watu wa mlimani mnadhani bahari ni bwawa la Nyumba ya Mungu, mkirudi jioni mnalikuta palepale. Hasira unazo, hesabu huna. Sikiliza. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata songeza mbele kama dakika 50. Baada ya siku 7 kupwa kumehamia karibu saa 10 jioni, ila hapo ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na mchanga unaotokea ni mdogo. Kwa hiyo mtu wa bamvua analala Pangani Ijumaa, Jumamosi saa 2 asubuhi yuko kwenye boti, anatua maji yakiendelea kupwa, na saa 6 mchana anafungasha. Kuogelea na miwani kwenye matumbawe ufanye kabla maji hayajaanza kurudi kwa nguvu, maana mkondo wa bamvua unabeba mtu. Msimu wenyewe hana kosa: upepo wa kusi umeshalegea, wa kaskazi haujaingia, ni maleleji, bahari imetulia. Kosa ni saa tu.

Chuga_Halisi:
Sasa si ndicho nilichosema, kaka? Saa 10! Bamvua! OGELEENI JUU YAKE!

MamaTwo_Majengo:
Afadhali hicho cha kuzama. Lile bango lake la pili hamjaliona? Anatangaza Mwaka Kogwa mwezi wa 10! Mwaka Kogwa ni Makunduchi, Unguja, mwezi wa 7, kwa sababu ni mwaka mpya wa hesabu ya Kishirazi inayofuata jua. Haurukiruki kama Idi. Wanaume wanachapana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba, mgeni yeyote anakaribishwa chakula. Ukienda mwezi wa 10 utachapana na nani?

Njiro_Juu:
Dada, na tamasha la Bagamoyo kaliweka mwezi wa 9. Lile la chuo cha sanaa, TaSUBa, miaka ya karibuni mara nyingi huwa mwezi wa 10 au wa 11 na tarehe hubadilika kila mwaka. Unapiga simu chuoni kwanza, ndipo unalipa chumba. Sauti za Busara, lile la muziki Zanzibar, ni Februari. Mwenye kuwauzia Oktoba kamateni shati.

Papa_Potwe:
Hayo yote madogo. Kauza safari ya kuona papa potwe kisiwa cha Mafia mwezi wa 6! Papa potwe wanakuja upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, wanafuata plankitoni, vile vijidudu vya baharini wanavyokula. Mwezi wa 6 kusi inavuma na boti ya kutoka Nyamisati inarusha watu kama karanga. Tena anaahidi mtawapapasa. Kumgusa hairuhusiwi, kumkatia njia mbele hairuhusiwi, na mkia ukikupata hutauliza tena.

Kiboriloni_Mjini:
Picha ya papa basi.

Kaloleni_B:
Mimi naulizia njia. Muheza mtu akate moja kwa moja hadi Pangani au azunguke Tanga mjini?

Mdigo_wa_Soweto:
Kiangazi kata Muheza. Vuli zikianza, uliza madereva kwanza, udongo ule ukilowa unateleza. Na kama hoteli yako ni Ushongo, ujue iko ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Usishushwe Pangani mjini usiku na mabegi.

Kaloleni_B:
Asante mkuu. Na machungwa ya Muheza mwezi wa 11 yanakuwa yameshaiva?

MamaTwo_Majengo:
Hilo uliza wenyeji hukohuko. Usinunue barabarani kwenye basi, wanapanga mazuri juu na mabovu chini ya kiroba. Shuka, ingia sokoni, mwaga kiroba chote chini uhesabu.

Njiro_Juu:
Mwaga kiroba dereva akiwa anapiga honi?