Probox yagoma ikipata moto: betri mpya, stata, ama mashini ya kusoma kodi za hitilafu?

Pwani_Probox (Malindi)
Salaam wakuu. Nina Probox ya oto, nabebea samaki kutoka Ngomeni hadi sokoni Malindi. Asubuhi nikiwasha inashika mara moja bila maneno, lakini nikifika mjini nikazima nikapakua, kuja kuwasha tena inalia TAK moja halafu basi. Narudisha ufunguo, nazungusha tena, tak. Saa zingine inashika saa zingine inakataa kabisa na oto nayo huwezi kuisukuma ikashika kwa hivyo nakaa hapo nangoja ipoe huku barafu yayeyuka.

Nimeuliza watu watatu. Mmoja asema betri, mwengine asema nitafute stata (mota inayozungusha injini iwake) nzima ya eksi-Japan, wa tatu asema nisinunue kitu mpaka isomwe na mashini. Pesa ya kufanya yote sina. Nyinyi mngeanzia wapi?

BiGede
Anza na betri mwanangu. Yangu ilisumbua hivyo hivyo, nikaweka betri mpya mpaka leo iko sawa. Watu wadhani baridi ndio yaua betri, joto la huku kwetu ndio laimaliza kabisa. Na fungua bonneti uangalie vichwa vya betri, kama kuna ule unga mweupe au kijani mwagia maji ya moto na magadi, sugua, kaza, paka grisi. Hio haina gharama.

FundiWaya
Bi Gede kuhusu joto na vichwa sikupingi, ila tuisikilize gari kwanza. Watu wasema "haiwaki" kumbe ni magonjwa tofauti. Kama ni kimya, hata tak hakuna, mimi nashuku fyuzi, switchi ya ufunguo, au kwa oto ile switchi ya gia (weka N badala ya P ujaribu). Taktaktaktak ya haraka na taa za dashibodi zafifia, hapo ndio betri au kichwa kimelegea. Stata ikizunguka vizuri na injini haishiki, betri na stata ziache kabisa, tafuta mafuta au moto wa plagi. Tak moja nzito kama yako ni kesi nyingine.

Sasa swali, ikilia hio tak taa za mbele zafifia au zabaki vile vile? Na nunua multimita (mita ya kupimia umeme), hata ile ya bei rahisi. Upime WAKATI IMEGOMA, sio asubuhi, maana gari iliyopoa ukiipeleka kwa fundi itashika na atakwambia haina kitu. Betri iliyojaa ikipumzika yasoma kama volti 12.6, ikiwa 12.0 hio karibu kwisha. Halafu mtu azungushe ufunguo wewe macho kwa mita, ikianguka chini ya 9.6 hivi betri haibebi mzigo. Ikishawaka mita ipande 13.5 mpaka 14.5, isipopanda ni altaneta (inayochaji betri) na hata ukinunua betri mpya nayo italala.

Kijana_Sensa
Mimi niko upande wa mashini. Yangu ilikuwa ikipata moto haishiki, ikasomwa P0335, sensa ya kranki, ikabadilishwa ikaisha. Kubahatisha ndio kupoteza pesa.

FundiWaya
@Kijana_Sensa yako ilikuwa yazunguka ila haishiki, si ndio? Yake haizunguki. Mashini yasoma kile kompyuta ya gari inachokiona, na ndani ya stata kompyuta haioni. Kopa za stata (vipande vya shaba vya ndani vinavyopitisha umeme) zikiliwa hakuna kodi itakayotoka, atalipa asomewe aambiwe gari nzima.

Kijana_Sensa
Ndio ilikuwa yazunguka. Sawa hapo nimekuelewa fundi.

MlamuWaBara
Mie ni wa Amu, gari naiwata Mokowe maana huku kisiwani ni punda na mashua. Nikikaa sana bila kuvuka nikirudi betri imelala. Ilipimwa umeme unaovutwa gari ikiwa imezimwa, kawaida usipite miliampi 50, yangu ilikuwa juu sana, alamu ndio mwizi. Siku hizi nikiegesha natoa kichwa cha hasi. Lakini yangu yagoma ikikaa, yako yagoma ikitoka ndiani, kwa hivyo nakubaliana na fundi, pima.

Pwani_Probox
Nimerudi na mita. Leo imegoma pale pale sokoni, taa hazikufifia hata kidogo. Betri 12.5, kuzungusha ikalia tak ikabaki 12.3. Ilipokuja kushika ikapanda 14.1.

FundiWaya
Basi betri tuiachie. Stata ikizunguka yavuta zaidi ya ampea mia, lazima volti zianguke. Zikibaki 12.3 ina maana solenoidi (switchi kubwa ya stata) inavuta, ndio hio tak, lakini umeme mkubwa haufiki kwa mota.

Bado usifungue. Kuna sehemu tatu za kupima, kila moja ufunguo ukiwa umezungushwa na imegoma. Kichwa cha hasi hadi chuma cha injini, ikisoma volti moja au zaidi ni erthi imeoza (na wewe wakaa na chumvi ya Ngomeni kila siku), hapo ni msasa na waya mpya. Bolti kubwa ya stata (inayoshika waya wa betri) hadi bodi ya stata, iwe karibu na ya betri. Waya mdogo wa solenoidi, iwe zaidi ya 10, ikiwa 8 hivi rudi nyuma kwa switchi ya ufunguo au rilei.

Pwani_Probox
Erthi 0.1, bolti kubwa 12.2, waya mdogo 11 na kitu.

FundiWaya
Umeme wote wafika, kwa hivyo ni ndani ya stata, nashuku kopa. Yule wa pili alikuwa karibu, ila "nzima" sikubaliani naye.

BiGede
Mimi ningechukua ya eksi-Japan. Hizi kopa za kuchongwa hazikai, baada ya muda kidogo yuko barabarani tena.

FundiWaya
Za kuchongwa na bomba la shaba kweli hazikai Bi. Lakini eksi-Japan nayo ni stata iliyotumika, kopa zake hujui zimebaki kiasi gani na muuzaji atakujaribishia ikiwa baridi. Fungua yako kwanza. Nyuma ya solenoidi ukikuta bolti, badilisha kopa na plunja yake (chuma kinachozigusanisha), angalia na kaboni (brashi za mota). Ukikuta imezibwa, solenoidi mpya peke yake. Kaboni zikiwa fupi na bushi zimelegea zote pamoja, hapo sawa nunua nzima.

MlamuWaBara
Na kama Malindi hakuna uliza Mombasa wakutumie kwa basi, ila wapigie picha ya namba iliyo kwenye stata, Probox si zote moja.

Pwani_Probox
Ijumaa sina mzigo, naifungua. Kuna kitu cha kujihadhari?

FundiWaya
Toa kichwa cha hasi kabla spana haijagusa stata. Ile bolti kubwa ina umeme saa zote hata ufunguo ukiwa mfukoni.