Naomba ushauri: vitu vinavyoachwa chuo kikifungwa hapa Malindi, tuvifikisheje kwa wenye haja?

Mwanachuo_Muyeye:
Assalaam aleikum wanajukwaa, na hamjambo nyote.

Nasoma chuo kimoja hapa Malindi, na wengi wetu tumepanga vyumba mitaani, Muyeye na Barani. Likizo ndefu ikifika hali ni ile ile: magodoro yameegemezwa nje ya geti, ndoo, sufuria, mashuka, viatu, daftari zilizoandikwa nusu. Mwenye ploti anataka chumba kitupu na mwanafunzi ana basi la kuwahi, basi vitu vinachomwa uani au vinakwenda jaani. Vingi ni vizima kabisa. Inaniuma sana, maana jirani zetu wapo wanaolaza watoto sakafuni.

Tumekubaliana wanafunzi kadhaa tuvikusanye, vingine tuuze, vingine tuvitoe. Nimesoma kwamba Uingereza vyuo vingi hushirikiana na British Heart Foundation: wanafunzi wakihama mabweni huacha nguo, vitabu na vyombo mahali maalumu, vinauzwa katika maduka ya shirika hilo, na pesa zinasaidia utafiti wa magonjwa ya moyo. Sisi hatuna duka wala gari. Tuanzie wapi, na nani hasa apewe?

Mama_Maweni:
Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mimi nakuambia habari ya kunguni kwanza. Godoro lolote likaguliwe mishono na pembe zote, juani, kabla halijaingia mlipoweka mengine. Ukiona vidoa vyeusi, liache hata kama ni jipya. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 kwenda juu, hapo ndipo kunguni hufa pamoja na mayai yake. Ukimpelekea maskini godoro lenye wadudu umemtia gharama ambayo hakuwa nayo.

Fundi_Buntwani:
Kaka, ugumu utakuwa stoo. Tazama wenzenu wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani. Wanafunzi walianza mradi wao mwaka 2011: walikusanya vitu vyumba vinapofungwa, wakavihifadhi kiangazi chote, kisha wakawauzia wanafunzi wapya kwa bei ya chini, na mapato yakagharimia kazi ya mwaka uliofuata. Siri ni hiyo miezi ya katikati. Anayehitaji ndoo na jiko ni mwanafunzi anayeripoti, na wakati mnafunga yeye hajafika bado. Kwetu likizo hiyo inaangukia mvua ya masika, kwa hiyo tafuteni chumba kisichovuja, na magodoro yainuliwe juu ya mbao yasiguse sakafu.

Binti_wa_Shela:
Mie sioni haja ya kuuza. Sadaka ni sadaka, toeni vyote.

Fundi_Buntwani:
Dada, nakuelewa, lakini tuktuk na sabuni zitalipwa na nani? Wakiuza majiko na meza kwa wanafunzi wenzao, ndipo watapata nauli ya kupeleka magodoro bure. Bila hivyo mradi utaishia msimu mmoja.

Kijana_Ganze:
Kuhusu nani apewe: huku kwetu kuna wazee waliokimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi, kwa kuhofia kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mtu aliyekimbia boma usiku hakubeba shuka. Lakini msipakie gari kwanza. Ulizeni wanaowatunza wanahitaji nini, mpate orodha, ndipo mkusanye kwa orodha hiyo. Watoaji wengine hukimbilia kupeleka vitu nyumba za watoto tu. Ni jambo jema, ila mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kulelewa katika familia, kwa hiyo zipo familia nyingi zinazopokea watoto na hazina hata kitanda. Mzee wa mtaa na ofisi ya watoto wanazijua.

Mwana_Amu:
Salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Ndoo na beseni zilizopasuka msizichome, moshi wake ni sumu. Huku ndiko lilikojengwa jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa vipande vya ndara, na 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nimejifunza jambo moja kwa mafundi wa plastiki: aina zisichanganywe. Chupa za maji mbali, ndoo na beseni mbali, zote zikiwa safi na kavu. Mkichanganya, mnunuzi atawakatia bei au atakataa kabisa.

Mzee_Ngala:
Vijana, kila anayetoa kitu aandike jina na kutia sahihi kwamba ametoa kwa hiari. Mkionekana mnabeba vitanda usiku mtaitwa wezi. Na vyuma vibovu muuzieni mwenye leseni tu. Mwaka 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku kuanzia Januari, ikafunguliwa Mei kwa masharti makali.

Mwanachuo_Muyeye:
Nawashukuru wote, Mama Maweni zaidi, maana magodoro tulikuwa tunayawazia kwa wingi tu. Wiki hii tunazungumza na wenye ploti watupe notisi mapema ya lini vyumba vinafungwa. Kijana Ganze, naomba unitumie ujumbe wa faragha unielekeze wa kuzungumza naye huko. Kilichobaki ni stoo. Kuna mwenye chumba kikavu Muyeye au Barani, hata kidogo, tulipie kwa mwezi?

Mama_Maweni:
Nyuma ya duka langu kuna chumba, kina mlango wa chuma na mabati mapya. Njooni Jumamosi baada ya alasiri mkitazame. Bei tutaelewana.